Kiungo Kibichi

Bomba la futi kumi lilipita katikati ya umati wa kituo cha mabasi na kumvua kofia muuguzi wa wodi ya wazazi.

"Kaka, umebeba bomba au umebeba fujo?"

"Samahani, Sista. Lina ncha mbili, na macho yangu yote yako mbele."

Alikuwa fundi bomba, shati la bluu, vidole vyenye makovu ya msumeno. Akaokota kofia, akaipangusa, kisha akaviona viatu vya Sista: vya mpira, vyeupe pe, vipya kutoka dukani, vikingoja kwenye foleni ya basi la msituni.

"Na hivyo ndivyo vinaenda msituni?"

"Kwani na wewe unaenda?"

Basi lilikuwa moja. Vijana ishirini wa kikundi cha mtaa walikuwa wakienda kujitolea siku tatu, kuvuta maji hadi zahanati ya mlimani, kisha kuingia msituni kuona maporomoko.

Katibu wa kikundi aliwapanga kazi wawili wawili, na hao wawili wakaangukiana. Fundi alipaka gundi, akaunga bomba, akalilaza chini kama mtoto. Sista, aliyekuwa na hamu ya kuona maji, akalitikisa kidogo tu kujaribu. Maji yalipofunguliwa kiungo kiliachia, Katibu akaoga na nguo zake.

"Gundi ikiwa mbichi, mkono unakaa mbali," Fundi alimwambia bila hasira. "Kesho ndiyo unashika."

"Na mpaka kesho unafanya nini?"

"Unajifanya hukioni."

Siku ya tatu waliyafikia maporomoko, wamelowa jasho na ukungu, ruba wamewaganda miguuni. Sista aliteleza kwenye mwamba uliolowa. Fundi akamdaka kwa mkanda wa begi. Wakakaa hapo hapo, mabega yakigusana, viatu vyeupe vimekuwa rangi ya tope.

"Wamenipa uhamisho," Sista alisema. "Mji wa mbali. Mwisho Ijumaa hii. Niseme naenda au nabaki?"

Alihitaji neno moja tu. Fundi akakamua soksi yake polepole, kana kwamba jibu limo humo.

"Tukirudi nitakupigia."

Jumatatu hakupiga. Jumanne Sista alibeba simu mpaka bafuni. Jumatano alipiga yeye mwenyewe, ikaita hadi ikachoka. Alhamisi akaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shangazi yake Fundi, ambako mafundi hupatikana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sinki au choo?"

"Namtafuta Fundi."

"Yuko kazini. Andika shida yako kwenye boksi hilo, wiki hii wateja wote wanaandika hapo."

Sista hakuandika. Alipiga simu, na droo ya kaunta ikaanza kuita. Shangazi akaitazama droo, akamtazama Sista.

"Kaifungia humo tangu Jumatatu. Kasema nisimpe mpaka Jumamosi, hata akilia. Na jana alikaribia."

"Anamkimbia nani?"

"Angeniambia, mtaa mzima ungekuwa unajua."

Sista alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Mtu gani anaificha simu yake, kisha anaililia? Anamkimbia yeye, au kuna mwingine? Aliligeuza kila upande na kila upande lilimchoma. Ila maana ya Jumamosi aliielewa, au alidhani ameielewa: ni siku moja baada ya Ijumaa yake. Basi anangoja niondoke, alijiambia. Ijumaa saa sita mchana akakabidhi barua. Naenda.

Saa kumi Fundi alikuwa kwenye geti la hospitali, gundi imemgandia kwenye kucha.

"Shangazi ameniambia ulikuja. Sista, nilitaka uamue mwenyewe. Ningekupigia ningekuwa nakuvuta. Kitu kibichi kikivutwa..."

"Mimi ni bomba?"

"Hapana."

"Bomba haliulizi. Mimi niliuliza pale mwambani, ukakamua soksi."

Fundi akainamisha kichwa. "Niliogopa ukibaki kwa ajili yangu, siku moja utanilaumu. Umeshajibu?"

"Nimejibu. Naondoka Jumatatu."

"Ungeniuliza leo, ningesema baki."

"Leo umechelewa kwa saa nne."

Wakasimama hapo, wagonjwa na ndugu zao wakiwapita kulia na kushoto. Sista hakujua kama anataka kumpiga au kumkumbatia. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Simu iko wapi?"

Fundi akaitoa; shangazi hakungoja Jumamosi kumrudishia. Sista akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati lile la bluu, kifuani, akaugongagonga kwa kiganja.

"Hata hospitali ninayokwenda ina mabomba. Nasikia yanavuja. Lakini mimi simbembelezi fundi."

Akageuka kurudi wodini. Hajafika mlangoni, simu yake ikaita. Alitazama nyuma. Fundi alikuwa palepale getini, simu sikioni, macho chini.

Akaiacha iite mara tatu, naye aonje. Ya nne akapokea.