Nukta Iliyobaki Nukta

Mwalimu Gikonyo wa Tetu alikuwa na darubini ya mtumba isiyo na mota ya kuizungusha ifuate nyota. Kamera aliyoifunga kwake haikuweza kuachwa wazi zaidi ya sekunde moja kwa picha. Akizidisha, dunia inazunguka na kila nyota inakuwa mchirizi. Usiku mmoja wa Januari, anga ikiwa safi, alijaribu sekunde thelathini. Nyota zote zikachirizika. Nukta moja ikabaki nukta.

"Ni vumbi," alimwambia mkewe, Murugi.

Akafuta lenzi. Akaazima kamera nyingine. Nukta ilikuwa palepale, imekua kidogo. Usiku wa tatu ilikuwa na mabega.

"Baba Lynn, hiyo si nyota," Murugi alinong'ona. "Nyota zote zinaenda. Hiyo imesimama na sisi."

"Na sisi wapi?"

"Hapa. Kwa shamba."

Angeacha hapo. Lakini kwa miaka sita hakuwahi kupata picha moja ya maana, na sasa kila usiku aliongeza sekunde, akitaka kuona uso. Harufu ya nywele zilizoungua ikaingia jikoni. Ng'ombe wakakataa kukamuliwa. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba, wakaondoka mapema, na usiku huohuo kitu kikatembea juu ya mabati, polepole, kutoka upande wa chumba cha Lynn, binti yao aliyekuwa chuoni, mpaka juu ya kitanda chao, kikasimama hapo kikihema kama mtu aliyepanda mlima, huku wawili hao wameshikana mikono gizani, wakiogopa hata kumeza mate.

Asubuhi Murugi alikwenda Majengo, mtaa wa Waislamu mjini, kumleta Maalim Sudi, aliyejulikana kwa kutoa majini. Maalim alisoma Kurani mpaka adhuhuri, jasho likimtoka.

"Umemtazama siku ngapi?"

"Kumi na moja," Gikonyo alijibu.

"Na yeye amekutazama kumi na moja. Kwa nyumba nitamtoa. Kwa mtu aliyemtafuta mwenyewe, sijui."

Aliamuru darubini ivunjwe. Gikonyo aliipiga shoka mwenyewe, akilia. Harufu ikaisha. Ng'ombe wakatoa maziwa.

Siku ya nne, darasani, Gikonyo aliona doa jeusi ubaoni. Akalifuta, halikufutika. Hospitalini daktari alimulika macho yote mawili, akasema hayana kasoro, akampa dawa ya matone. Kufikia Pasaka alikuwa akishikwa mkono kwenda chooni.

Jioni moja Murugi alimlaza mapajani, akalifungua jicho la kulia amtie dawa. Ndani ya mboni alikuwamo mtu mdogo kama punje ya mtama, amesimama, amempa mgongo.

"Mbona umenyamaza, Mama Lynn?" Gikonyo aliuliza. "Kuna kitu?"

"Hakuna," Murugi alisema, na papo hapo akajuta kusema, kwa sababu yule mtu alikuwa amesikia sauti yake, na alikuwa anageuka.