Stakabadhi ya Miwani

Siku ambayo Baba hakurudi ilianza kama siku nyingine yoyote. Karani aliamka, akafagia ua, akapiga pasi sare yake ya shule. Baba alikuwa ameinama mlangoni akifunga kamba za viatu. Karani halikuwa jina la kuzaliwa la msichana huyo wa miaka kumi na miwili. Baba alimwita hivyo kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, na nyumba nzima ikafuata.

"Karani, leo ni Ijumaa. Usisahau," Baba alisema, akimtazama kwa macho aliyoyafinya.

"Sitasahau, Baba."

Saa saba mchana, Karani akiwa amerudi kula, alikuja mtu kutoka kiwandani. Alikuwa ameshika kofia yake ya kazi kifuani. Mama alipoiona ile kofia iko mkononi badala ya kichwani, alikaa chini kabla hajaambiwa neno.

Baba alikuwa mkaguzi wa minyororo katika kiwanda cha mbao. Pale magogo hupangwa kwa marundo marefu kuliko nyumba, yakafungwa kwa minyororo yasiporomoke. Kila asubuhi Baba alikagua pete moja baada ya nyingine, akitafuta nyufa. Mnyororo alioridhika nao aliutia alama ya chaki, kisha akaweka sahihi katika daftari la ukaguzi. "Bila chaki yangu, hata sisimizi hapiti hapo," alizoea kujigamba. Ijumaa ile mnyororo mmoja ulikatika, magogo yakaporomoka, na Baba alikuwa chini yake.

Watu walikuja kuhani msiba, wakaondoka. Kiti cha Baba kilibaki pale pale karibu na dirisha, na hakuna aliyekikalia.

Wiki ya tatu ikaja barua kutoka kiwandani. Ilisema kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mkaguzi mwenyewe. Mama atie sahihi kukubali hivyo, naye ataruhusiwa kukaa miezi sita zaidi katika nyumba ile, ambayo ilikuwa mali ya kiwanda. Akikataa, ahame ndani ya siku thelathini.

"Dada, usitie sahihi kitu ambacho hujakisoma mara tatu," alisema Mjomba. Alikuwa fundi cherehani, na utepe wake wa kupimia haukutoka shingoni hata siku ya mazishi.

"Nimeisoma mara kumi," Mama alijibu. "Kila mara anakufa yule yule, na kila mara kosa ni lake."

Wakaanza kutafuta wakili. Wa kwanza hakufungua hata bahasha. "Hii tumeshashinda, mama," alisema, huku akijibu simu. Walipotoka, Mjomba alitikisa kichwa. "Huyu ni fundi wa kukukatia suruali kwa kukuchungulia dirishani. Utaivaa wapi?"

Wa pili alikuwa mama mtu mzima, aliyeshughulikia kesi za ajali za kazini kwa miaka thelathini. Msaidizi wake wa ofisini aliwapa maagizo kwa simu. Waje na kila karatasi, hata ile wanayoiona takataka. Waandike mambo yalivyotokea, siku baada ya siku. Waandike na maswali yao. "Na tafadhali," aliongeza, "msiondoe lile linalowaaibisha."

Jumamosi alasiri wakakaa mezani. Mama alisema, binti akaandika.

"Jumatatu alirudi amechoka, akalala mapema. Jumanne..." Mama alipangusa uso. "Jumanne sikumbuki kitu. Andika siku ya kawaida."

Kalamu ilisimama. Karani aliikumbuka Jumanne vizuri mno. Siku hiyo aliingia mbio, akajitupa kwenye kiti cha Baba, na chini yake kitu kikalia *kach!* Alikuwa ameikalia miwani ya Baba. Baba aliichukua vipande vipande, akacheka. "Heri miwani kuliko mguu wako. Tusimwambie mama yako mpaka ipone." Akaipeleka kwa fundi miwani aliyekuwa jirani na shule, na stakabadhi akampa Karani ili aichukue miwani Ijumaa.

Jumatano jioni Baba alimnong'oneza, "Nimemwambia msimamizi siwezi kukagua minyororo bila miwani, nyufa sizioni. Nimemwomba amweke mtu mwingine. Ameniambia nipange magogo tu, ukaguzi utasubiri."

Karani hakuwahi kumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba asingekalia kile kiti, Baba angekuwa hai? Usiku alilisikia lile *kach* hadi usingizi ukamkimbia. Kwa mwandiko wake mzuri akaandika: *Jumanne, siku ya kawaida. Jumatano, siku ya kawaida.*

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la madaftari. Majalada yaliyofungwa kwa utepe yalijaa hadi chini ya dirisha. Wakili alikuwa na sauti ya kukwaruza, na miwani yake ilining'inia kwa kamba shingoni. Karani hakuweza kuitazama.

Mjomba alifungua orodha ya maswali. "Samahani, mama. Umewahi kushindwa kesi?"

"Mara nyingi kuliko umri wa mtoto huyu. Ndiyo maana siku hizi nauliza sana."

"Na kesi yetu utaishika wewe, au utampa kijana wako?"

"Mimi mwenyewe. Lakini sijasema nitaichukua. Ngoja nisome."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Mwandiko mzuri. Jumanne, siku ya kawaida. Jumatano, siku ya kawaida." Akainua macho. "Miaka thelathini nipo kazini, sijakutana na siku ya kawaida iliyokaa karibu na kifo namna hii."

Akachukua kitambulisho cha kazi cha Baba, akaiangalia picha. "Alivaa miwani. Iko wapi?"

"Hatukurudishiwa," Mama alisema. "Walileta viatu, saa na kofia. Miwani aliivaa kazini tu, nikadhani ilisagika hukohuko."

Karani akafungua daftari lake la hesabu na kutoa kijikaratasi kutoka ndani ya jalada. Akakiweka mezani.

"Haikusagika kiwandani. Niliivunja mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua Baba."

Akasema yote, la kiti na la msimamizi, akilia hadi maneno mengine hayakusikika na ikabidi ayarudie. Alipomaliza, Mama alimgeukia.

"Umekaa na hili peke yako mwezi mzima?" aliuliza. "Mwanangu, na mimi nilikuwa chumba cha pili." Akamvuta kifuani, wakalia wote wawili, na Mjomba akajifanya anakunja utepe wake.

Wakili aliivuta kwake stakabadhi ile ya fundi miwani. "Kukuondolea huzuni siwezi, mwanangu, wala sitakudanganya," alisema. "Lakini sikiliza. Miwani huvunjika kila siku. Mkaguzi akisema haoni, kazi ya msimamizi ni kumweka mwingine. Baba yako alisema ukweli, hakusikilizwa. Huo si uzembe wake, wala si kosa lako." Akaigeuza stakabadhi. "Neno la mtoto peke yake watalipinga. Hii ina tarehe. Sasa najua la kuomba, nalo ni daftari la ukaguzi."

Akamgeukia Mama. "Nitaichukua kesi. Ile barua usiitie sahihi." Kisha akarudi kwa Karani. "Na wewe ukumbuke hili hata ukiwa mkubwa. Mtu humficha wakili lile linalomuuma zaidi, na mara nyingi ndilo lililobeba ukweli. Lenye aibu niambie kwanza mimi, nisije nikalisikia mara ya kwanza mahakamani. Ukweli unauma, lakini ukiufunika unaoza."

Daftari lilipatikana baada ya wiki mbili. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa hazikuwa na sahihi ya mtu yeyote. Kiwanda kikaiondoa barua yake, na ikakubaliwa kwamba familia isihamishwe mpaka kesi iishe.

Karani na Mama walikwenda pamoja kwa fundi miwani. "Nilikuwa najiuliza, mwenyewe mbona haji," alisema fundi, akaitoa kwenye droo. Ilikuwa na mkono mpya na vioo safi. Mama aliipuliza, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, ingawa haikuwa na vumbi.

Sasa miwani hiyo imo ndani ya bahasha katika kabati la wakili, imeandikwa namba ya kielelezo cha ushahidi. Kesi itasikilizwa tarehe kumi na tisa.