Mama Musimbi

Nanzala rafiki yangu si mtu wa kutunga maneno. Alienda kituo cha polisi hapa Eldoret kuomba nakala ya ripoti ya ajali iliyomuua mumewe pale Cheptiret. Mara stima ikapotea.

"Ngoja hapo, Mama, nitafute mshumaa," konstebo akasema, akatoka.

Nanzala akabaki peke yake gizani, mvua ikigonga mabati. Ndipo sauti ikatoka chumba cha mafaili: "Mama Musimbi, ingia."

Akaitika kabla ya kufikiri.

Konstebo aliporudi na mshumaa, mlango wa chumba hicho ulikuwa na kufuli kwa nje.

Nanzala hana mtoto. Musimbi ni yule waliyemngoja miaka yote, na mumewe tu ndiye aliyemwita Nanzala Mama Musimbi, taa ikishazimwa.