Sala Iliyoitwa Mapema

Jioni ile mimi na wifi yangu Regula, mke wa kaka yangu Balz, tulikuwa tunageuza jibini. Tulikuwa kwenye malisho ya juu mlimani, kama kila kiangazi. Mwana wa Regula, wa miezi mitatu, alilala kikapuni. Mbuzi mmoja hakuwa amerudi kukamuliwa.

"Yuko kwenye magofu ya ngome," Regula alisema. "Nasikia kengele yake."

"Nenda upesi, wifi. Huyu akiamka na njaa atatutoboa masikio."

"Hata sijatoka, umeshanihimiza kurudi!" Akacheka, akaenda.

Huku kwetu, kila jioni mchungaji husimama penye msalaba, huweka mdomoni faneli ya mbao ya kuchujia maziwa, na kuita sala ya kinga. Sauti inapofika, kibaya hakipiti. Lakini mwenye akili huhesabu watu kwanza, maana sala hufunga pande zote. Ikimkuta mtu ngomeni, atabaki humo na kilichomo, hadi kukicha.

Ukungu ulipanda. Balz alitaka kula. Akaita sala bila kuuliza kama wote tumerudi.

Nilitoka mbio, mtoto begani. "Mkeo yuko ngomeni, mpumbavu we!"

Akashusha faneli.

Tukapanda. Lango la ngome ni tao tu la mawe, halina mlango. Regula alikuwa upande wa pili, hatua tatu kutoka kwetu. Alitembea kuja. Akatembea. Hatua zikabaki tatu.

Balz alijitupa ndani. Akajikuta amesimama nyuma yangu.

Mtoto akaamka, akalia. Blauzi ya Regula ikalowa maziwa.

"Mnyamazishe," alinong'ona. "Kinasikia."

"Nini?"

"Kiko nyuma yangu. Ni kitu kidogo. Kinalia kama yeye."

Mimi nilisikia kilio kimoja tu, cha mtoto begani.

"Mpeleke chini, wifi. Mpe maziwa ya mbuzi."

Ukungu ukaziba tao. Hatukumwona tena. Tulisikia sauti ya kunyonya.

Balz alibaki langoni. Mimi nilimlisha mtoto kwa kijiko.

Kulipokucha Regula alishuka kwa miguu yake, akamchukua mwanawe, akamweka kifuani. Halikutoka tone. Nikamfungua blauzi ili nimkande kwa maji ya moto.

Kuzunguka chuchu zote mbili kulikuwa na alama za meno, madogo, yamebanana. Mtoto wetu hakuwa ameota hata moja.