Saa Mbili za Kwenye Ramani

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji, nikamenya ndizi, kisha nikampelekea Bibi Anatolia uji kitandani. Mwaka ule wa 1974 nilikuwa darasa la sita pale Kishanda, na katika hesabu hakuna aliyenifikia. Maringo hayo!

Bibi alikuwa mahututi. Padri alikwisha kumpaka mafuta. Alimsubiri mtu mmoja tu, mwanawe wa kwanza, Damian, aliyefanya kazi Dar es Salaam. "Nina neno la kumwambia," alisema. "Nitamwambia mwenyewe, si mwingine."

Ikaja simu ya maandishi: Damian angepanda ndege Ijumaa, saa tatu asubuhi.

"Kokugonza," Taata, baba yangu, aliniambia Alhamisi, "nenda posta Muleba. Mwombe karani apige simu Bukoba, aulize ndege itatua saa ngapi. Lori la kijiji tumeazimwa kwa safari moja tu."

"Ndiyo, Taata."

Nilipofika barabara kuu jua lilikuwa kali na Muleba bado mbali. Nikaketi, nikatoa atlasi na rula. Dar es Salaam hadi Bukoba, sentimita kumi: kilomita elfu moja. Kitabu chetu kilisema ndege huenda kilomita mia tano kwa saa. Saa mbili basi! Ya nini kujichosha? Nikacheza rede na wasichana wa pale, kisha nikarudi nyumbani.

"Karani amesema saa tano," nilimwambia Taata bila kupepesa macho.

Ijumaa, Taata na dereva Rugaibula walifika uwanja wa ndege Bukoba mapema. Wakaambiwa ndege ingetua saa kumi.

"Saa kumi!" Rugaibula akafoka. "Ningejua, ningesomba kwanza mbegu za kijiji. Ghala linafungwa saa tisa, mzee. Siwezi kungoja."

Lori likaondoka. Taata akabaki kumpokea kaka yake. Ndugu hao wawili hawakupata gari jioni ile, wakalala kwa jamaa Bilele, pale pale mjini.

Huku nyumbani, Bibi aliniuliza jioni nzima, "Amefika?" Nilimjibu, "Yuko njiani." Alfajiri akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Baba Mkubwa Damian alifika saa tano Jumamosi, akakuta wanawake wanalia. Sikuweza kuvumilia. Nikapiga magoti mbele yake na Taata.

"Sikufika posta," nilisema. "Nilipima kwenye ramani."

Taata aliinua mkono, akaushusha bila kunipiga. Heri angenipiga.

Baba Mkubwa aliniinua. "Ndege ile hupitia Mwanza," alisema. "Tulishuka, tukangoja saa nne nzima ndege ndogo ya kuvuka ziwa. Ramani haikuonyeshi hayo, na mtoto hawezi kuyajua. Kutojua si kosa, Kokugonza. Ungesema, 'Sikufika, nimekisia tu,' baba yako angepanda baiskeli akaulize mwenyewe. Lakini ulisema karani ndiye aliyesema, nasi tukakuamini."

"Nisamehe, Baba Mkubwa."

"Nimekusamehe. Usimwambie mtu tena kwamba umeuliza wakati hukuuliza." Akajifuta macho kwa kiganja. "Ila mama alikuwa na neno la kuniambia, na sasa sitalijua mpaka nife."