Kado ya Dola Ishirini

Émerance hakumwamini muuza makaa. Kila aliponunua gunia, alilipindua lote uani aone kama chini halikujazwa majani. Hakumwamini muuza mayai pia. Kila yai alilitikisa sikioni kabla ya kulilipia. Majirani wa mtaa wa Makomeno walimcheka, lakini ukweli usemwe: yai bovu halikuwahi kuingia nyumbani mwake.

Mume wake, Mwape, alichonga malakite, lile jiwe la kijani lenye mistari. Alilikata kwa mashine huku maji yakilitiririkia, ili vumbi lisimwingie kifuani. Émerance alilisugua mpaka ling'ae. Kisha alipiga picha kwa simu na kuziweka mtandaoni. Wateja walimwandikia kutoka Kanada, Ufaransa na Ubelgiji. Wateja hao hulipa kwanza, ndipo wanatumiwa kitu. Kitu kikipotea au kikivunjika njiani, muuzaji hana budi kurudisha pesa.

Mwaka huu bwana mmoja wa Liège, huko Ubelgiji, aliagiza sataranji nzima: ubao na vipande thelathini na viwili. Bei ilikuwa dola elfu moja na mia mbili. Mwape alichonga miezi mitatu. Jiwe peke yake lilimeza akiba yote ya karakana, na pesa ya mteja ililipa kodi ya nyumba na shule ya binti yao, Plamedie. Sataranji ile ikivunjika, wasingekuwa na jiwe lingine wala pesa ya kurudisha. Karakana ingefungwa.

"Mama Plamedie, hii mara tuweke assurance," Mwape alisema.

"Assurance?" Émerance aliweka chini kitambaa cha kusugulia. "Umeshasahau ile balitufanyiaka?"

Mwape hakuwa amesahau. Mwaka uliopita walituma Kanada kisanduku cha vito cha dola mia tatu. Émerance alilipia bima, yaani hiyo assurance, kwenye ajanse ya kutuma mizigo. Kisanduku kikapotea. Bima ikamlipa dola ishirini. Tangu siku ile, mtu akitaja assurance, Émerance alinuna. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na Émerance hata kabla ya kuumwa alikuwa mtu wa kushtuka.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kuomba katoni tupu kwa Kasereka. Kasereka alitoka zamani Butembo, mji wa mbali. Aliuza sabuni na biskuti kwa jumla, na malori yalimletea bidhaa kutoka mbali. Alikuwa mtu wa maneno machache, jambo ambalo nalo lilimtia Émerance mashaka.

"Katoni ni ya kuweka nini?" Kasereka aliuliza.

"Ni kazi ya Mwape. Inaenda ku Liège."

"Mutaweka assurance?"

"Papa Kasereka, assurance ni bongo, ni uongo mutupu. Balinipaka dola makumi mbili, kintu ilikuwa ya mia tatu. Ni bezi."

"Karatasi yao ungali nayo?"

Émerance alikuwa nayo mkobani. Hakuwahi kutupa karatasi, maana huwezi kujua siku ya kesi. Kasereka aliifungua juu ya katoni ya sabuni, akaisoma polepole. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa banaandika, kitu ni cadeau, zawadi. Bei, dola makumi mbili. Nani aliandika?"

"Ni miye."

"Juu ya nini?"

"Bantu bote banaandikaka kado," Émerance alijibu. "Ukiandika bei ya kweli, bezi ba mu njia banaisoma. Na kule forodhani, douane inalipisha mteja taxe."

"Sasa sikia. Wewe mwenyewe uliambia assurance kitu iko ya makumi mbili. Ikakulipa makumi mbili. Mwizi ni nani pale?"

Émerance aliirudisha karatasi mkobani. Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira.

"Ao na weye unakulaka nabo commission?"

Kasereka alicheka. "Mimi ninalipaka, sikulake. Lori yangu moja ilianguka njiani na mali yote. Bila assurance, leo ningekuwa nimerudia Butembo na miguu."

"Lakini ajanse si inabeba muzigo yetu? Kama inaupoteza, ilipe."

"Inalipa kidogo, mara mingi kufwatana na kilo. Haiangalie miezi tatu ya Mwape."

"Donc basi, kila kintu niwekee assurance? Hata bangili?"

"Hapana. Bangili ya dola kumi ikipotea, utanuna siku mbili, maisha inaendelea. Weka ku kitu yenye ikipotea itakuangusha. Na uandike bei ya kweli, ile mteja alilipa. Ku douane pia, bongo inaweza kufanya bakamate mzigo wote."

"Na kama ile assurance yenyewe iko na bongo?"

"Ni pale utumikishe roho yako ya kutoamini," Kasereka alisema. "Nilikuonaka unatikisa mayai. Tikisa na karatasi."

Émerance alirudi na katoni kichwani. Hakumwamini Kasereka sawasawa, lakini maneno yake hayakumtoka. Jioni alimwandikia mteja wa Liège. Alimwambia ataandika bei kamili, kwa hiyo huenda akalipishwa ushuru huko. Mteja alijibu kwamba alitarajia hivyo. Kumbe mwaka mzima Émerance alikuwa amewaogopea wateja wake kitu ambacho wengine wao hawakukiogopa.

Kesho yake Mwape alipanga sataranji yote mezani, na Émerance akapiga picha kila kipande. Kisha akafunga mzigo na kwenda ajanse. Mfanyakazi, Claudine, alichukua fomu na kuanza kuijaza bila kumwuliza.

"Nimeandika cadeau, mama. Dola makumi mbili, si ndiyo?"

"Hapana. Andika sataranji ya malakite. Dola elfu moja na mia mbili. Na assurance."

Claudine aliinua macho. "Assurance itakuwa dola makumi tatu na sita."

Bei ilimshtua Émerance, lakini alibaki palepale. "Banalipa kama inapotea tu, ao hata kama inavunjika?"

"Byote mbili."

"Nionyeshe pale banaandika."

Claudine alimwonyesha. Nyuma yake watu walianza kunung'unika. Émerance alivuta kiti, akakaa, akasoma mpaka maandishi madogo ya chini. Hapo chini palikuwa na maneno ambayo Claudine hakuyataja. Vitu vya kuvunjika hulipwa tu vikifungwa katika katoni mbili, moja ndani ya nyingine, na kitu laini katikati. Taarifa ya hasara itolewe ndani ya siku saba. Na katika kila malipo, dola hamsini hukatwa. Hizo huitwa franchise, ni sehemu ya hasara anayobeba mwenye mali.

"Hii ya katoni mbili, hukuniambia," Émerance alisema.

"Mama, pale hakuna mwenye kusomaka."

Mzigo wa Émerance ulikuwa na katoni moja. Aliubeba na kurudi nao nyumbani. Mwape alishangaa kumwona. Wakaufungua, wakazungushia kila kipande kitambaa, wakaingiza katoni ndogo ndani ya kubwa, wakajaza pamba katikati. Émerance akapiga picha tena, hatua kwa hatua. Alasiri alirudi ajanse, akasaini, akachukua risiti. Akamwandikia mteja: "Ukipokea, piga video kabla ya kufungua. Usitupe katoni. Niambie siku ileile."

Siku ya kumi na mbili video ilifika.

Kona ya katoni ilikuwa imebondwa kama imeangukiwa na kitu kizito. Ndani, ubao ulikuwa vipande vitatu, na sanamu za kuchezea kumi na moja zilikuwa zimevunjika. Mwape aliitazama mara moja tu. Alikwenda kukaa karibu na mashine yake akiwa ameipa kisogo. Émerance alilia, kisha akaanza kumshuku mteja. Labda ameuangusha mwenyewe. Akaitazama video mara tano. Kona ilikuwa imebondwa kabla hata kamba haijakatwa.

Siku ileile alipeleka taarifa. Bima ilitaka picha za kabla ya kufunga. Alikuwa nazo. Ilitaka picha za katoni mbili, risiti, na ushahidi wa bei aliyolipa mteja. Vyote alikuwa navyo. Kisha kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, kila siku Émerance alimwambia mume wake, "Nilikuambia, beko banatuzungusha." Mashine ilikuwa imefunikwa gunia.

Wiki ya sita pesa ziliingia: dola elfu moja na mia moja hamsini. Émerance alichukua karatasi, akatafuta wapi wamemwibia. Zimepungua hamsini, na hamsini ilikuwa imeandikwa. Alitafuta tena. Hakupata.

Mteja alipoulizwa kama anataka pesa zake au kazi nyingine, alichagua kusubiri. Wiki ile Mwape alinunua jiwe jipya, na asubuhi maji yakaanza tena kutiririka kwenye mashine. Émerance alisimama mlangoni akimwangalia, na furaha ikamjaa hata akasahau chai motoni.

Habari haikukaa. Jumamosi Joëlle, jirani anayeuza picha za shaba mtandaoni, alikuja na fomu mkononi.

"Yaya Émerance, dada yangu, banasema assurance iko inalipa kweli. Ni vile? Miye niweke tu sinyatire hapa chini?"

"Nani alikuambia?"

"Bantu bote. Na weye, si balikulipa? Kama unasema ni muzuri, minakuamini."

"Usiniamini," Émerance alisema.

Akamsogezea kiti. Joëlle alikaa, akatandaza fomu juu ya meza, nao wakaanza kusoma kwenye mstari wa kwanza.