Chuma Kwenye Upindo

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitali imefurika. Fundi cherehani, ndani ya gauni la njano alilojishonea mwenyewe, aliona upindo wa koti jeupe la mwanamume wa mbele yake umefumuka, akashindwa kunyamaza.

"Kaka, hilo koti linakuaibisha."

"Basi nisitiri, dada."

Akamsitiri. Baada ya miezi minane walikuwa wameshavishana pete za uchumba, na mtaa mzima ukimwita bwana yule Daktari Panya. Kazi yake ilikuwa kuvitia vumbi la chuma vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, kuwachoma navyo sindano panya wenye moyo mgonjwa, kisha kuwapiga picha kwenye mashine ya sumaku aone vimefika wapi.

"Vikifika moyoni, mpenzi, ipo siku tutatibu watu."

Maneno matamu. Lakini kila Alhamisi simu yake haikupokelewa, na jioni alirudi kidole kitupu.

"Pete iko wapi?"

"Nimeisahau kabatini kazini. Chumba cha mashine ya sumaku hakiingii chuma."

"Na yule mwanamke aliyepokea simu yako juzi Jumanne?"

"Mwenzangu wa kazi. Jamani, ana wajukuu!"

Majibu yalikuwa mepesi mno, na Fundi hakuyaamini hata moja. Akanunua kile kidude cha kutafutia funguo zilizopotea, kidogo kama kifungo, akakishonea ndani ya upindo wa koti kwa mshono usioonekana.

Alhamisi ikafika. Alikaa kwenye cherehani, macho kwenye simu. Nukta ya kidude ikaenda kazini kwenye ramani, ikatulia. Saa nane ikatoweka.

"Amekizima! Leo atanitambua!"

Hapohapo simu ikaita.

"Fundi," sauti ya Daktari ilikuwa kavu, "njoo maabara."

Alimkuta amesimama nyuma ya kioo, upindo umechanika. Ng'ambo ya kioo, kidude kilikuwa kimeng'ang'ania mdomo wa mashine. Kwenye skrini, pale ulipopaswa kuonekana moyo wa panya, palikuwa na doa jeusi. Kando ya mlango, kabati lilikuwa wazi: pete yake, simu yake, na hereni za bibi mwenye mvi aliyekuwa akimtazama Fundi kwa jicho kali.

"Wiki sita nimemtunza panya yule," alisema Daktari. "Leo ndiyo ningejua kama vimefika moyoni. Kidude chako kimeiharibu picha, sioni kitu."

"Nilikushuku."

"Najua. Mshono wako naujua. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliuliza. Sikuamini."

Fundi akavua pete yake, akaiweka mezani. "Una haki ya kuniacha."

Daktari aliichukua pete, akamrudishia.

"Mimi mwenyewe navitia chuma vitu nijue vinakokwenda," alisema. "Nitakulaumu vipi? Vaa pete yako. Mimi nishonee ya uzi, hiyo nitaingia nayo humo ndani. Hutaniona tena kidole kitupu. Bado utakuwa mke wangu?"

Fundi alifuta machozi, akatoa utepe mkobani, akampima kidole. Halafu akapima tena, kwa kuwa kipimo kimoja hakukiamini.